Chuma Kisichotaka Moto

Chuma kinachotandikwa ndani ya matumbo ya madampa kwenye migodi ya dhahabu ya Geita, ili mawe yasiyatoboe, ni cha ukoo mmoja na kile kinachoning'inizwa huko New Mexico kikapigwa risasi kutwa nzima. Shemeji yangu alilijua jambo hilo kabla yangu. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa kuchomelea kwenye karakana ya mgodi kule Kanda ya Ziwa, kazi yake kuvua sahani zilizolika na kuweka mpya, na tangu ahamie Colorado anachomelea ngazi na matangi. Bunduki hakuwahi kuishika tena tangu alipotoka Jeshi la Kujenga Taifa, JKT. Jirani yangu wa Aurora, mzee mstaafu wa reli, alipotualika twende naye Raton, New Mexico, kulenga shabaha, na kusema kwamba njiani angepitia Pueblo kununua kengele za chuma za kulengwa, shemeji aliuliza swali moja tu.

"Za chuma gani?"

"AR500," mzee akasema.

Shemeji akacheka, akaenda kutafuta buti zake.

Niseme mapema, kwa ajili ya msomaji atakayeuliza: sheria ya shirikisho ya Marekani haimruhusu mgeni mwenye viza ya muda kushika bunduki ila kwa vighairi vichache, kama kuwa na leseni ya uwindaji. Sisi wawili ni wakaazi wa kudumu, na bunduki zote zilikuwa za mzee.

Tulitoka alfajiri. Barabara ya I-25 inashuka kusini, milima upande wa kulia na nyika kavu upande wa kushoto. Tulipofika Colorado Springs mzee alitunyooshea kidole kilele cha Pikes Peak, meta 4,302 juu ya usawa wa bahari, akatueleza kwa fahari namna magari yanavyopanda mpaka juu. Mtanzania hujifunza kusikiliza habari za namna hiyo kwa adabu.

Pueblo ni mji wa chuma. Kinu chake kimetoa reli tangu miaka ya 1880, na kwa miongo mingi kilikuwa mali ya Colorado Fuel and Iron, kampuni iliyomiliki pia machimbo ya makaa ya mawe katika makorongo ya kusini tulikokuwa tunaelekea. Hatukwenda kinuni. Tulikwenda karakana ndogo nyuma ya ghala la matairi, ambako meza pana ya kukatia ilikuwa imejazwa maji na kichwa cha plazma kikitembea chenyewe juu ya sahani kwa amri ya kompyuta, kikikata duara baada ya duara. Kwenye rafu kulikuwa na miduara, miraba, nguruwe, na maumbo ya mtu kuanzia kiunoni. Hayo ya mtu niliyapita haraka. Sikuyapenda, na mzee naye hakuyagusa.

Kwa nini chuma hiki na si kingine? Ugumu wa chuma hupimwa kwa njia ya Msweden Johan August Brinell, aliyeitangaza mwaka 1900. Gololi ngumu ya milimita 10 inagandamizwa juu ya chuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 3,000, kisha kinapimwa kishimo kilichobaki. Kadiri kishimo kinavyokuwa kidogo ndivyo namba inavyopanda. Chuma laini, hiki cha mageti na madirisha yetu, hupata 120 au 140 hivi. AR500 hupata karibu 500, ndiko jina lilikotoka. Ugumu huo umo katika namna kilivyopozwa zaidi kuliko katika kilichochanganywa ndani yake: kinapashwa moto mpaka kiwe chekundu, kinapozwa ghafla kwa maji. Kumbukumbu ya ule ubaridi wa ghafla ndiyo mali yote anayolipia mnunuzi.

Risasi ya kawaida ya mashindano au ya uwindaji ina kiini laini kilichovishwa koti la shaba. Ikigonga uso mgumu na tambarare haina pa kuingia. Inasambaratika, na vipande vyake vinatoka pembeni vikifuata uso wa sahani, kama maji ya bomba yanavyotawanyika yakigonga kitako cha sufuria. Ukisimama mbele, mbali inavyotakiwa, vinakupita kando. Chuma laini kinafanya kinyume chake: kinachimbika. Kila risasi inaacha kijibakuli, na risasi inayofuata ikiangukia ndani ya kijibakuli hicho, kuta zake zinaigeuza na kuirudisha ilikotoka.

"Sahani yenye mashimo nayo inalenga," mzee alisema, akiigonga moja kwa kucha.

Shemeji akaniinamia akasema kwa Kiswahili kwamba angekuwa kwao, vijana wangechukua rimu ya lori, ile ya kengele ya shule, wakaitundika. Ingelia vizuri kuliko yoyote iliyokuwa mle ndani. Na ingekuwa hatari kuliko yoyote, kwa sababu rimu ni laini, imepinda, ina matundu, na kila pindo lake ni njia ya kumrudishia mpigaji risasi yake. Mlio mzuri haumwambii mtu lolote kuhusu usalama wa chuma.

Kisha akaanza ukaguzi, na hapo ndipo safari ilipoanza kunifurahisha. Aliomba tupa. Akaipitisha katikati ya duara moja, ikakwaruza kwa shida. Akaipitisha ukingoni, ikakwaruza kwa shida vilevile, akatikisa kichwa kuridhika. Akachukua duara jingine kutoka rundo la bei nafuu, na ukingoni tupa ikauma, ikaacha mstari unaong'aa. Hilo lilikatwa kwa gesi. Mwali wa gesi ni mpana na unakaa muda mrefu, kwa hiyo joto linaingia ndani ya chuma na kukirudisha ulaini. Plazma inakata haraka, sehemu inayoharibika ni ukanda mwembamba, hasa ikikatiwa majini. Kukata kwa mkondo wa maji wenye mchanga ndiko kusikoacha jeraha la joto hata kidogo, ila bei yake inajulikana. Chuma cha aina hii kikipita digrii 250 hivi huanza kusahau kilichofunzwa.

Kwenye rafu ya chini kulikuwa na kengele zilizochomelewa ndoano mgongoni, tayari kwa kutundikwa. Zilikuwa nzuri machoni. Shemeji aligeuza moja, akaitazama mshono, akauliza ni nani aliyeuchoma. Kijana wa karakana akasema ni yeye.

"Mshono ni safi," shemeji akamwambia kwa Kiingereza chake cha mgodini. "Lakini umeua sahani. Mbele ya hapa, upande wa risasi, pana doa laini la ukubwa wa kiganja."

Kijana hakubishana. Alisema wateja wanazitaka hivyo, kwa kuwa hawataki kuhangaika na bolti. Kwetu fundi husifiwa kwa mshono wake: watu huinama getini wakautazama kabla hawajalipa, na mshono ukilala vizuri jina la fundi linavuka mtaa. Nikamwona fundi wa namna hiyo akipita kati ya rafu akitafuta sahani ambayo hakuna fundi aliyeigusa.

Tulichukua tatu: sentimeta 30, 20 na 15 za upana, zote zikiwa na matundu mawili ya mraba kwa juu, yaliyokatwa na mashine ileile. Unene ulikuwa milimita 9.5, unaotosha kwa bunduki za kawaida. Wenye bunduki kubwa zaidi huchukua milimita 12.7 na kubeba mzigo wao. Ile ya sentimeta 30 ilikuwa na kilo tano na ushei, uzito ambao hauonekani mpaka uibebe juani kwenye majani ya magotini. Tatu hizo zilimgharimu mzee pungufu ya alichotumia kwa risasi na petroli ya safari hiyo, nami nadhani hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanabana senti kwenye chuma, kitu pekee katika manunuzi hayo kitakachodumu miaka.

Kusini ya Pueblo ardhi inakuwa kavu zaidi na miji inapungua. Kabla ya Trinidad kuna njia ya kutokea inayoelekea Ludlow, nami niliomba tuingie. Mwaka 1914 wachimbaji wa makaa waliokuwa kwenye mgomo, wengi wao wahamiaji kutoka Ugiriki, Italia na Mexico, walikuwa wakiishi hapa kwenye mahema na familia zao baada ya kufukuzwa kwenye nyumba za kampuni. Tarehe 20 Aprili askari wa Jimbo la Colorado na walinzi wa makampuni waliyamiminia mahema risasi kutwa, kisha yakachomwa moto. Wanawake wawili na watoto 11 walikufa kwa kukosa hewa ndani ya shimo walilojificha chini ya hema. Shimo lipo hadi leo, lina mfuniko wa chuma na ngazi ya kushukia, na chama cha wachimbaji kimejenga mnara pembeni. Kampuni kubwa kuliko zote katika mgogoro ule ilikuwa ileile ya kinu cha Pueblo. Mzee alivua kofia. Bunduki zilikuwa nyuma ya gari, zimefungwa kwenye masanduku yao, na sina la kusema juu ya hilo zaidi ya kwamba nilikuwa najua ziko pale.

Njia ya Raton inapanda mpaka meta 2,388 na kukutupa upande wa New Mexico. Ndiyo njia ya misafara ya magari ya kukokotwa iliyokuwa ikienda Santa Fe katika karne ya 19, na kwenye ardhi ya Whittington Center, uwanja wa shabaha tuliokuwa tunakwenda, makovu ya magurudumu hayo bado yanaonekana ardhini. Uwanja huu ulianzishwa mwaka 1973 na chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, na una ekari zaidi ya 33,000. Ndani yake mna swala wa nyikani, mna dubu, na mna magofu ya Van Houten, mji wa makaa ya mawe ulioachwa. Mabonde haya yote yalichimbwa. Huko Dawson, si mbali, mlipuko wa mwaka 1913 uliua wachimbaji 263 kwa siku moja.

Siku ya kwanza hatukupiga risasi hata moja, tulijenga. Nilidhani shemeji atataka fremu ya mabomba ya chuma, kumbe alikuwa wa kwanza kuikataa. Chochote kinachobeba kengele kitapigwa siku moja, alisema, na bomba likipigwa linarusha vipande ovyo. Mbao ikipigwa inameza, na kesho unanunua mbao nyingine. Tukafunga miguu minne ya mbao kwa vishikizo, tukalaza boriti juu. Minyororo nayo tuliiacha garini. Mzee alikuwa na vipande vya mkanda wa konveya, ule wa mpira wenye nyuzi unaosafirisha mawe migodini, na shemeji alipouona alitabasamu kama aliyekutana na mtu wa kwao. Risasi ikipita kwenye mpira inaacha tundu dogo na mpira unaendelea kubeba. Mnyororo ukipigwa unakatika, na pingili iliyokatika hujui imeelekea wapi. Bomba la zimamoto lililochakaa nalo linafaa kwa kazi hii.

Kisha ikaja hila ndogo ninayoipenda kuliko zote. Bolti inapita kwenye tundu la sahani kutoka mbele, kichwa chake cha duara kikiwa ndicho pekee kinachoitazama bunduki, na mkanda unafungwa nyuma, mwishoni mwa bolti, baada ya washa kadhaa na springi. Kwa kuwa sahani imebebwa kutokea nyuma yake, uzito wake unaisukuma itafute mizani mpya: ukingo wa chini unarudi nyuma na uso unainamia chini kidogo, kama digrii 20. Kwa hiyo kila kitakachovunjika usoni kinaelekezwa ardhini. Hapakuwa na kuchomelea wala kukunja. Uzito wa sahani wenyewe ndio uliofanya kazi ya ulinzi.

Zilizobaki ni kanuni za kawaida, nazo mzee hana utani nazo. Hakuna bunduki inayopiga sahani kutoka karibu kuliko yadi 100, meta 91. Miwani ya kinga ni kwa wote, hata anayekunywa chai nyuma. Risasi zenye kiini cha chuma ni marufuku, kwa sababu zinachimba hata AR500, na kwa sababu ya moto. Hili la moto sikulijua. Mwaka 2013 watafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba vipande vya risasi vilivyogonga chuma vinaweza kuwa na joto la kutosha kuwasha majani makavu, hasa zile za chuma na za shaba tupu. Ndiyo maana majira ya ukame mamlaka nyingi za ardhi za magharibi hupiga marufuku shabaha za chuma kabisa. Sisi tulifyeka majani chini ya kila kengele mpaka udongo ukaonekana, na ndoo za maji zikakaa karibu.

Asubuhi ya pili tukalala kifudifudi kwenye mikeka. Raton iko juu, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano ukilinganisha na pwani, na risasi inasafiri ikizuiwa kidogo kuliko ingekuwa Tanga au Mombasa. Mzee aliirekebisha darubini kulingana na hilo. Alinionyesha pia namna ya kusoma upepo kwa kutazama mvuke wa joto unavyotiririka juu ya ardhi: ukienda kushoto, unajua.

Kengele ya sentimeta 30 ilikuwa meta 500 mbele. Nikavuta pumzi, nikaiachia nusu, nikabana. Bunduki ikarudi begani. Halafu hakuna kitu. Risasi inahitaji kama robo tatu ya sekunde kufika huko, na sauti, inayokwenda meta 343 hivi kwa sekunde, inahitaji sekunde moja na nusu kurudi. Sekunde mbili na kitu si muda mrefu mpaka uwe umelala chini ukingoja jibu. Ndani yake nilikuwa nimeshajitetea kwa upepo, kwa mwanga, na kwa bunduki ya kuazima. Kisha likaja: *teng*, dogo, kavu, la mbali.

Nilielewa kwa nini watu huacha karatasi. Karatasi inataka uiendee na kuihesabu.

Shemeji alipiga vizuri kuliko mimi, jambo ambalo JKT inaweza kujisifia, lakini baada ya kila mizunguko michache alitaka uwanja ufungwe tushuke tukazitazame sahani. Rangi nyeupe tuliyopuliza ilikuwa imejaa madoa ya kijivu, kila doa likiwa na mionzi ya risasi iliyosambaa. Alipitisha kidole juu ya madoa, mikono ikiwa ndani ya glavu. Hakukuwa na kijibakuli hata kimoja. Tukapuliza rangi upya, tukarudi.

Mbali zaidi yupo nyati mweupe wa chuma, maarufu kwa kila aliyewahi kufika Whittington, yadi 1,123 kutoka kwa mlengaji, zaidi kidogo ya kilomita moja. Mzee alimpata. Tulisubiri karibu sekunde tano. Nami nikakataa zamu yangu, bila kelele. Katika miaka ya 1870 wawindaji wenye bunduki nzito waliwamaliza nyati wa nyanda hizi kwa mamilioni, na kwa Walakota nyati mweupe ni mtakatifu. Sidhani aliyemsimamisha pale alikuwa na nia mbaya. Yamkini rangi nyeupe inaonekana tu vizuri kutoka mbali. Lakini sahani ya duara inanitosha.

Mchana wakaja marafiki wa mzee, kikundi kidogo chenye wanyama wao wenyewe kwenye trela: kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo, wote wa chuma. Mchezo huu ni wa Mexico. Inasimuliwa kwamba zamani wanyama hai walifungwa mbali kwenye sherehe, waliopigwa wakachomwa na kuliwa. Mwaka 1948 Gonzalo Aguilar wa Mexico City akaendesha shindano la maumbo ya chuma badala yake. Majina ya Kihispania yamebaki: *gallina* meta 200, *javelina* 300, *guajolote* 385, *borrego* 500. Wote unawapiga ukiwa umesimama wima bila kuegemea chochote, watano kwa dakika mbili na nusu, na kugonga hakutoshi. Lazima mnyama aanguke. Nilijaribu kuku mmoja, naye bado amesimama.

Walioanguka hawajiinui. Tulikwenda wote kuwasimamisha, na kule meta 500 shemeji akachuchumaa mbele ya kondoo asiinuke. Kondoo husimama kwa kuwa amechomelewa bamba chini ya miguu, na mmoja alikuwa na ufa mwembamba kwenye mguu wa mbele, ukianzia hasa pale mshono unapoishia. Mwingine alikuwa nao. Akaanza kuwaeleza habari ya joto na ufa, kama alivyomweleza kijana wa Pueblo, na mmoja wao, mama mwenye kofia pana, akamsikiliza mpaka mwisho, akasema ndiyo, wanajua, lakini kondoo bila miguu hasimami. Je, yeye angefanyaje?

Shemeji akanyamaza kidogo. Akasema angesaga mshono wote wa zamani mpaka ufa uishe, angekipasha chuma joto la wastani kwanza na kukipima, angechoma taratibu kwa vipande vifupi, chini kabisa, ambako risasi ni nadra kufika, kisha angekifunika kipoe polepole.

"Una mashine?" mama akauliza.

"Ninayo Aurora."

Wakakubaliana bei palepale: kondoo wanane, Jumamosi ya wiki inayofuata, petroli juu yao. Njia nzima ya kurudi, garini, shemeji alikuwa akihesabu kwa vidole, na kabla hatujafika Trinidad alikuwa tayari amempigia rafiki yake wa kazini kumuuliza kama ana elektrodi za 7018, ziwe kavu, za kopo ambalo halijafunguliwa.